Siku moja tu ya kutembea: Aigues-Mortes au Marseille?

MamaFuraha_Keshero

Jambo wandugu. Binti yangu amejifungua kule Nîmes, Ufaransa, na mimi naenda kumsaidia kulea mpaka apate nguvu. Viza imetoka, tiketi ninayo, nitavuka mpaka wa Grande Barrière hapa Goma na kupandia ndege Kigali. Kazi yangu huko ni ile ya kila bibi: kuogesha mtoto, kupika uji, kumkanda mzazi kwa maji ya moto. Lakini mkwe wangu amesema ataomba ruhusa kazini siku moja abaki na mke wake na mtoto, ili na mimi nione nchi kidogo.

Yeye ananipendekezea Aigues-Mortes, mji wa zamani uliozungushiwa ukuta, karibu na bahari ya Mediterania. Dada yangu mdogo yeye ananiambia niende Marseille, eti huko ndiko kwenye bahari yenyewe. Nimeangalia picha za hiyo Aigues-Mortes, ukuta ni mzuri, ila sijui kama ukuta unajaza siku nzima ya mtu.

Nisaidieni. Kwanza, mimi ni shemasi, na mchungaji wetu aliwahi kuhubiri juu ya mwanamke wa zamani aliyefungwa katika mnara kusini mwa Ufaransa kwa ajili ya imani. Jina limenitoka. Ni mji huo? Pili, goti langu la kushoto halipendi ngazi. Tatu, nitakuwa peke yangu, nimejifunga kitenge, Kifaransa changu ni cha shule ya zamani. Watu wa huko wanampokeaje mgeni?

Naomba anijibu mtu aliyefika kwa miguu yake.

Fundi_Mawe_Goma

Mama Furaha, jambo, na hongera sana kwa mjukuu. Ndiyo, ni mji huo huo. Mwanamke wa mahubiri anaitwa Marie Durand, na mnara unaitwa Tour de Constance. Mimi nilifika mdogo wangu alipofunga ndoa Nîmes. Nitakueleza kama fundi wa mawe, maana ndiyo kazi yangu hapa Goma. Kuta nyingi za parsele, yaani viwanja vya nyumba, za mitaa ya Himbi na Ndosho zimepita katika mikono hii.

Achana na Marseille safari hii. Siku yako yote ipe Aigues-Mortes, na ukifika anza na mnara kabla ya kitu kingine chochote. Niliona watu wengi wakiingia langoni, wakazunguka maduka, wakala aiskrimu kwenye uwanja wa katikati, wakanunua chumvi, halafu jioni ndipo wanaukumbuka mnara, miguu imechoka na mlango uko karibu kufungwa. Kufanya hivyo ni kuondoka bila kukiona kilichokupeleka, hasa wewe shemasi.

Kutoka kituo cha treni unauona moja kwa moja: mnara wa mviringo, mpana, wa mawe ya manjano hafifu, umesimama kwenye pembe ya mji lakini nje ya ukuta, na daraja linauunganisha na ukuta. Ulitangulia kujengwa kabla ya kuta. Mfalme Louis wa Tisa hakuwa na bandari yake mwenyewe kwenye Mediterania. Marseille wakati huo ilikuwa ya watawala wa Provence, si ya mfalme wa Ufaransa. Basi mwaka 1240 akachukua ardhi hii ya vinamasi kutoka kwa watawa wa abasia ya Psalmody, akajenga mnara huu, akawapa unafuu wa kodi watu waliokubali kuja kukaa kati ya mbu na chumvi. Mwaka 1248 akaondokea hapo kwa meli kwenda kwenye Vita vya Msalaba. Mwaka 1270 akaondokea hapo tena, na safari hiyo hakurudi; alifia Tunis. Kuta zenyewe zilianzishwa na mwanawe, Philippe le Hardi, mwaka 1272, na mtu wa Genova aitwaye Boccanegra alipewa mkataba wa kazi hiyo. Kwa hiyo yule mfalme ambaye sanamu yake iko katikati ya mji hakuwahi kuuona ukuta huu.

Sasa mawe. Ukuta wa mnara ni mnene mita 6 hivi. Hapa kwetu ukuta wa nyumba ya mawe ni sentimita 40, na nikiongeza mwenye nyumba ananiuliza kama namjengea ngome. Ukipita kwenye mlango wa mnara ule unatembea ndani ya ukuta, hatua baada ya hatua, mkono wa kuume jiwe, mkono wa kushoto jiwe, na bado hujaingia chumbani. Nilisimama pale katikati ya ukuta nikaweka kiganja. Viungo vya mawe ni vyembamba kiasi kwamba kucha haiingii. Kila jiwe limekuja likiwa limeshachongwa, pembe zake zimepimwa, halafu ndipo likapandishwa. Sisi tunajenga kwa mawe ya volkano, unapasua kwa nyundo, unalitafutia mahali linapoingia, nafasi inayobaki unajaza simenti. Wale walilichonga jiwe lifuate ukuta. Na kwenye kuta za mji mawe mengi yameachwa na nundu katikati, pembeni pamenyooshwa kwa tindo upana wa vidole viwili. Ukiangalia kwa makini, jua likiwa la pembeni, utaona alama ndogo zilizochorwa juu ya mawe. Ni alama za mafundi. Walilipwa kwa kipande, kila mmoja alikuwa na yake, na msimamizi alijua nani amechonga jiwe lipi. Nilikaa kwenye alama moja muda mrefu mpaka shemeji yangu akanivuta mkono. Mtu yule tangu miaka ya 1200 jina lake hakuna anayelijua, lakini kazi yake bado inadai malipo yake.

Mama, hayo yote ni ya nje. Panda chumba cha juu.

Ni chumba cha duara, dari la mawe limepindishwa, mbavu zake zinakutana juu. Madirisha si madirisha, ni nyufa za kurushia mishale. Mwanga unaingia kama ukanda na kuishia hapo hapo. Katikati ya sakafu kuna tundu la duara linalotazama chumba cha chini, limezungushiwa ukingo wa mawe. Kwenye ukingo huo ndipo pameandikwa RÉSISTER, maana yake kupinga, kutokubali kushindwa.

Mfalme Henri wa Nne aliwapa Waprotestanti uhuru wa kuabudu mwaka 1598. Mwaka 1685 Louis wa Kumi na Nne akaufuta. Wachungaji wakafukuzwa, wanaume waliokamatwa kwenye ibada za siri wakapelekwa kupiga makasia kwenye mashua za mfalme, na wanawake wakaletwa katika mnara huu. Marie Durand alikamatwa mwaka 1730, kama miaka 19 tu, kosa lake kubwa likiwa kaka yake. Kaka yake Pierre alikuwa mchungaji wa siri, na mwaka 1732 alinyongwa Montpellier. Yeye Marie alitoka mwaka 1768. Piga hesabu mwenyewe: miaka 38 katika chumba kile kile. Na mlango ulikuwa unaweza kufunguka siku yoyote. Ilikuwa inatosha akubali kuikana imani yake.

Kama fundi nilizisoma zile herufi kwa macho ya kazi. Si za fundi. Fundi anapiga kwanza mstari wa chini na wa juu, anagawa nafasi, halafu anashika tindo na nyundo. Hapa herufi hazilingani, na mfereji wake ni mwembamba. Umekwaruzwa, umerudiwa, umekwaruzwa tena. Haukupigwa kwa nyundo. Jiwe letu la Nyiragongo lina matundu, huwezi kuliandika hivyo, ukingo wa herufi unakatika. Jiwe la chokaa linakubali, lakini linakubali polepole kwa mtu asiye na chombo. Nikijaribu kukadiria, nikiwa na msumari tu, herufi moja ya namna ile ingenila siku nyingi. Watu husema ni mkono wa Marie Durand. Jiwe halina sahihi. Mimi naona yeyote aliyeandika, wenzake walimwachia nafasi pale katikati, karibu na mwanga, na walimsikia akikwaruza usiku na mchana bila kumwambia aache.

Aliwaandikia barua watu wengi, na barua nyingine zipo mpaka leo. Alimwandikia mpwa wake Anne, alimwandikia mchungaji Paul Rabaut wa hapo hapo Nîmes unakokwenda, alishukuru kwa msaada uliotoka kwa Waprotestanti wa Amsterdam. Aliandika pia kwa niaba ya wenzake. Na wewe unayekwenda kulea mjukuu, jua kwamba baadhi ya wanawake wale walikuwa na watoto wao humo ndani.

Usipande na kushuka kama mtu anayekagua. Kaa. Mimi nilikuta kikundi cha wazee wa kanisa fulani wakisimama kuzunguka lile tundu, wakaimba zaburi, sauti ikazunguka dari lote. Hakuna aliyewakataza.

Kuhusu goti na mgeni, wengine watasema. Mimi nilipokelewa vizuri.

Neema_Ibanda

Ninasoma kutoka Bukavu. Fundi, aksanti sana, nimejifunza. Lakini swali la dada mdogo wa Mama Furaha bado liko mezani. Bahari inaonekana kutoka kwenye huo ukuta, au ni mji wa pwani kwa jina tu?

Kijana_wa_Birere

Mama Furaha na dada Neema, nijibu mimi, ninasoma Montpellier na kila majira ya joto natafuta kibarua cha shamba za mizabibu kwenye mchanga ule wa karibu na Aigues-Mortes.

Bahari haigusi ukuta. Hata wakati wa mfalme Louis meli zilipita kwenye mifereji na mabwawa ya maji ya chumvi mpaka kufika. Mchanga wa mito ukazidi kujaa, na Provence ilipoingia mikononi mwa wafalme wa Ufaransa mwaka 1481, Marseille ikachukua kazi ya bandari na mji huu ukasahaulika. Ndiyo maana kuta zimebaki nzima, zaidi ya mita 1,600 kuzunguka mji; hakuna aliyekuwa na fedha wala haja ya kuzibomoa ili apanue mji. Bahari yenyewe iko Le Grau-du-Roi, kilomita 6 hivi mbele, kwa treni ile ile. Kwa hiyo mama anaweza kukanyaga maji jioni na dada yake hatakuwa na la kusema.

Lakini panda ukuta wa kusini kwanza. Upande wa kaskazini unaona paa za nyumba, upande wa kusini ni mabwawa ya chumvi mpaka macho yachoke, na maji yake wakati wa joto ni ya rangi ya waridi. Si rangi ya kutiwa. Kuna viumbe vidogo vya majini, mwani usioonekana kwa macho, unaopenda maji yenye chumvi kali na kutoa rangi hiyo. Vijidudu vya majini vinakula mwani huo, ndege flamingo wanakula vijidudu, na wao pia wanakuwa na rangi ya waridi. Kwa mbali kuna milima myeupe. Ni chumvi iliyokusanywa, inasubiri kupelekwa.

Sisi tuliokua Birere tunaijua chumvi ya Katwe inayotoka Uganda, tuliona mama zetu wakiipima kwa kopo. Ya kule wanaivuna kwa mashine, isipokuwa ile laini ya juu ya maji, ambayo bado mtu anaitoa kwa mkono kabla upepo haujaivuruga. Nunua kopo moja dogo umletee dada yako. Kubwa usibebe, ni uzito wa bure kwenye sanduku.

Mama ameuliza watu wanampokeaje mgeni, na sitaki kumjibu kwa maneno ya kutuliza tu. Chumvi ile ina historia. Tarehe 17 Agosti 1893 wafanyakazi wa Kifaransa na wakazi wa mji waliwashambulia Waitalia waliokuja kwa kibarua cha kuvuna chumvi. Wote walikuwa maskini, na kazi ililipwa kwa kiasi unachobeba, kwa hiyo aliyebeba haraka alichukiwa. Hesabu ya serikali ilikuwa ni watu wanane waliouawa. Kesi ikapelekwa Angoulême na washtakiwa wote wakaachiwa. Mimi mwenyewe ni kibarua wa kigeni kwenye mchanga ule ule, na kila msimu ninapofika nalikumbuka jambo hilo. Nawataja hapa kwa sababu watalii wengi wanapiga picha ya maji ya waridi bila kujua kwamba kuna Waitalia walikimbizwa kwenye tuta hizo wakitafuta lango la kujificha.

Leo hii, mama, hutapata shida. Wazee watakuangalia kidogo, wengine watakusalimu wa kwanza. Kitenge chako kitapendwa. Mama mmoja wa duka aliwahi kumuuliza mwenzangu wa Uvira kitambaa chake kinauzwa wapi. Ukiingia dukani anza na bonjour kabla ya swali lolote, la sivyo wanakuona huna adabu. Hilo kwa mtu wa Goma si geni, hata sisi hatuanzi na bei.

Chakula: kuna nyama ya ng'ombe dume wa Camargue, yaani eneo la vinamasi la huko, inapikwa polepole mpaka inalainika, inaletwa na wali wa huko huko. Ila mama shemasi, nyama hiyo wanailaza ndani ya divai nyekundu. Kama hutumii, uliza mapema. Mkate wao mtamu unaitwa fougasse, una harufu ya maua ya mchungwa, huo hauna shida na unashiba. Beba maji. Juu ya ukuta hakuna kivuli hata kidogo. Na mbu! Goma kuna baridi, tumezoea kulala bila kuwafikiria, lakini mbu wa Camargue jioni wanauma hata juu ya nguo.

Mwl_Katindo

Jambo kwa wote. Mimi ni Mkatoliki, nilifundisha historia miaka mingi hapa Goma, na niliufikia mji huo katika hija ya kwenda Lourdes, tulipita. Nafurahi mama ameelekezwa kwa Marie Durand. Alichotendewa kilikuwa dhuluma na sisi Wakatoliki tuna wajibu wa kusema hivyo bila kuzunguka.

Naomba tu Mtakatifu Louis asibebeshwe mzigo usio wake. Yeye alifariki mwaka 1270, na amri ya kuwafunga Waprotestanti ilitoka mwaka 1685. Kati yao ni miaka zaidi ya 400. Mnara aliujenga awe ngome na taa ya meli. Juu kabisa, kwenye paa, utaona kile kijumba chembamba chenye kizimba cha chuma, ndimo moto ulimowashwa ili wanamaji wauone. Hatukuupanda tu kuangalia jela. Tuliupanda kuona mahali mfalme alipotazama upepo akisubiri kuondoka.

Mama akipata muda aingie kanisa la Notre-Dame-des-Sablons, liko karibu na uwanja wenye sanamu. Ni la karne ile ile ya 13, dogo, dari la mbao, halina madoido. Madirisha yake ya vioo ni ya mwaka 1991, kazi ya mchoraji Claude Viallat, rangi tupu bila sura za watu. Wengine katika kundi letu hawakuyapenda. Mimi niliyapenda sana. Mwanga wa asubuhi ulipiga sakafuni bluu na nyekundu, na sikuhitaji sura ya mtakatifu ili nisali.

Fundi_Mawe_Goma

Mwalimu, aksanti, umesema kweli na nakubali. Mfalme hakujenga jela. Lakini mimi ninayejenga kuta kwa kazi nakuambia: ukimjengea mtu ukuta wa mita 6, hujui mrithi wake atafungia nani ndani. Watu huniagiza ukuta mrefu wa parsele, na mara nyingi natamani kuwauliza kama wamefikiria nani atakaa humo baada yao.

Na kwa kuwa mwalimu amefungua historia, niongeze moja ambayo wanaume wa Protestanti wasikose. Kabla mnara haujawa wa wanawake tu, ulifunga pia wapiganaji wa Kiprotestanti wa milimani, wale Camisards. Mwaka 1705 mmoja wao, Abraham Mazel, alilegeza jiwe kwenye ufa wa mishale mpaka likatoka, kisha yeye na wenzake 16 wakashuka kwa shuka zilizofungwa pamoja, usiku, wakapotelea kwenye vinamasi. Nilikwenda kwenye nyufa zile kuangalia. Kwa viungo vile, vyembamba namna ile, kulitoa jiwe moja bila sauti ni kazi ambayo singeikubali hata kwa malipo mazuri. Mtu aliyelifanya hilo alijua jiwe.

Wanawake waliokuja baadaye hawakutoka kwa ufa. Walitolewa mlangoni, mmoja mmoja, na kamanda wa mfalme katika mkoa wa Languedoc, prince de Beauvau, ambaye alipoingia akaona hali yao hakuweza kuvumilia, akawaachia kwa dhamana yake mwenyewe. Marie Durand akarudi nyumbani kwao, Bouschet-de-Pranles, milima ya Ardèche. Nyumba ile ipo na ni makumbusho, lakini ni mbali na Nîmes, si ya siku hii.

MamaFuraha_Keshero

Wandugu, nimesoma hapa nikilia kidogo. Fundi, mchungaji wetu alilitaja jina hilo hilo, Marie Durand, sasa limerudi. Mwalimu, nitaingia pia kanisani kwenu, na nitasali. Kijana wangu wa Birere, Mungu akulinde kwenye kibarua hicho, na mama yako akijua unavyomjali bibi asiyemjua atafurahi.

Nimeamua, Marseille itangoje. Ila hamjanijibu goti. Ngazi za huo mnara ni za namna gani? Nikishindwa katikati nitashuka vipi, watu wakiwa nyuma yangu? Na nina wazo: binti yangu anataka kuja na mtoto mgongoni ikiwa daktari atamruhusu. Inawezekana, au nimkatalie?

Kijana_wa_Birere

Mama, mtoto mchanga usimpeleke juu ya ukuta. Kuna upepo wa kaskazini unaitwa mistral, ukianza unasukuma hata mtu mzima, na siku bila upepo jua linachoma. Binti akija akae chini mitaani, kuna kivuli cha miti uwanjani na mahali pa kunyonyesha kwa utulivu. Mji ni tambarare, barabara zimenyooka na kukatana, hapotei mtu. Na kama ni majira ya joto muanze mapema sana asubuhi.

Fundi_Mawe_Goma

Mama, goti. Chumba cha chini cha mnara, kile cha walinzi, unakifikia kwa taabu ndogo. Cha juu ni ngazi ya mawe inayozunguka ndani ya ukuta, nyembamba, vipandio vimelika katikati kwa miguu ya watu wa karne nyingi. Kanyaga upande ulio mpana zaidi, ule wa nje, mkono juu ya ukuta. Unapopanda tanguliza mguu mzima, unapoteremka tanguliza mguu unaouma. Hakuna haja ya kwenda mpaka paa. Paa ni la vijana. Ukifika chumba cha wanawake umefika.

Ukiwa na watu nyuma yako waambie mapema, kabla ya kuingia ngazini, kwamba utakwenda taratibu. Mimi nilimwona mzee mwenye fimbo akiachiwa ngazi nzima peke yake, watu wakamngoja chini bila kunung'unika. Ndiyo faida nyingine ya kufika mlango unapofunguliwa: wenye haraka bado wako njiani.

Njia ya juu ya kuta ina tiketi hiyo hiyo ya mnara, ila huko pia kupanda na kushuka ni kwa ngazi. Chagua. Kama goti limekubali mnara, kuta za kusini unaweza kuzitazama kutoka nje, kwa chini, ukitembea kwenye nyasi. Ndiko utakakoziona vizuri hata zile alama za mafundi, maana mawe ya chini yako usawa wa macho. Weka kidole kwenye moja kwa niaba yangu.

Usiende tarehe 1 Mei wala Krismasi wala Mwaka Mpya, mnara unafungwa.

Treni unapandia kituo kikuu cha Nîmes, safari haifiki saa moja, inapita Vauvert. Tiketi nunua kabla ya kupanda, na mwombe mkwe akuandikie saa za kurudi kwenye karatasi, maana treni za jioni si nyingi. Shuka kituo kinachoitwa Aigues-Mortes. Kinachofuata ni Le Grau-du-Roi na reli inaishia hapo, kwa hiyo hata ukilala usingizi hutapotea, utaamkia baharini na kurudi kituo kimoja nyuma.

MamaFuraha_Keshero

Aksanti baba. Nimeyaandika yote kwenye daftari la shemasi, pamoja na lile la mguu mzima kwanza. Nikirudi nitaweka picha hapa, na ya alama ya fundi itakuwa ya kwanza.